Mwanasheria wa Hali ya Hatari

Oktoba 1932 mawakili wa serikali mbili za nchi moja walikutana mahakamani mjini Leipzig. Mlalamikaji alikuwa Prussia, jimbo lililokuwa na watu 3 kati ya kila Wajerumani 5. Mlalamikiwa alikuwa Serikali Kuu ya Ujerumani, ambayo tarehe 20 Julai mwaka huo iliwaondoa mawaziri wa Prussia kwa amri ya rais, ikaweka kamishna mahali pao, ikashika polisi. Kisingizio kilikuwa damu iliyomwagika Altona siku tatu kabla, pale maandamano ya Wanazi yalipogeuka mapigano na watu 18 wakafa. Kwenye meza ya Serikali Kuu, pamoja na maprofesa wenzake wawili, alikaa mtu mfupi wa kimo, mtanashati, mwenye umri wa miaka 44. Jina lake Carl Schmitt.

Shauri lenyewe lilikuwa kubwa kuliko Prussia. Ibara ya 48 ya katiba ya mwaka 1919 ilimruhusu rais kuchukua hatua alizoona zinahitajika pale usalama na utulivu wa umma ulipovurugika, na hata kusimamisha baadhi ya haki za raia. Sasa nani wa kusema kwamba umevurugika? Schmitt alijibu kwamba ni rais. Jaji hukata jambo ambalo kanuni yake ipo tayari, naye rais anashughulika na jambo lililoizidi kanuni. Upande wa pili alikuwapo Hermann Heller, mwanasheria wa wabunge wa SPD, chama cha Wasoshalisti, mtu mwenye akili kali na ulimi usiomkopesha mtu, ambaye miaka michache nyuma walikuwa wakiandikiana barua na Schmitt. Heller aliona hatari kwamba rais akishakuwa mwamuzi wa lini katiba isimame, katiba yenyewe imebaki karatasi.

Hukumu ya tarehe 25 Oktoba ilikuwa ya nusu kwa nusu. Kamishna aliachiwa madaraka. Mawaziri waliofukuzwa waliachiwa haki ya kuiwakilisha Prussia katika baraza la majimbo. Kwa maneno mengine, hawa walipewa viti na yule akapewa bunduki. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Januari 1933, Hitler akawa Kansela, na Hermann Göring akaikuta polisi ya Prussia imeshatolewa mikononi mwa Wasoshalisti, ikimsubiri. Novemba mwaka huohuo Heller alifia Madrid, uhamishoni. Schmitt wakati huo alikuwa ameshapandishwa cheo na Göring na kuwa mjumbe wa Baraza la Dola la Prussia.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu wengi wanaomsoma Schmitt leo, naye anasomwa kutoka Roma hadi Beijing, humsoma kama mwanafalsafa aliyeketi juu ya mlima akiutazama uliberali kwa mbali. Mtu huyu alikuwa wakili. Nguvu ya ukosoaji wake ilitoka katika jicho la wakili: anapita kwenye nyumba nzuri ya katiba, anaacha kutazama mapambo ya sebuleni, anaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma na kuuliza ufunguo anao nani. Udhaifu wake nao ulitoka palepale. Wakili huwa na mteja.

Alizaliwa tarehe 11 Julai 1888 Plettenberg, mji mdogo wa viwanda katika milima ya Westphalia, katika familia ya Kikatoliki iliyozungukwa na Waprotestanti. Baba yake alikuwa karani. Akasoma sheria Berlin, Munich na Strasbourg, na alikopata shahada ya udaktari mwaka 1910 ni Strasbourg. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika hakupelekwa kwenye mahandaki. Alivaa sare akiwa ofisini Munich, katika idara ya kijeshi iliyosimamia udhibiti wa magazeti na maandishi, chini ya sheria ya hali ya kuzingirwa. Mwaka 1915 wakubwa wake walimtaka aandike hoja za kuonyesha kwa nini hali hiyo iendelee kwa miaka kadhaa hata vita vikiisha. Kwenye shajara yake alishangaa: kati ya watu wote, mimi? Siku hizo aliwachukia wanajeshi kwa dhati. Lakini kazi ilifanyika, na somo la maisha yake likawa limemkuta akiwa mezani na kalamu mkononi.

Nyumbani mambo yalikuwa vichekesho vichungu. Mwaka huohuo alimwoa Pawla Dorotić, mwanamke aliyejitambulisha kuwa binti wa ukoo wa kibwana kutoka nchi za Waslavi wa Kusini. Schmitt aliliunganisha jina hilo na lake hadi kwenye majalada ya vitabu. Baadaye ikabainika kwamba ukoo ule ulikuwa hadithi tupu. Mahakama ya kiserikali iliibatilisha ndoa, Kanisa likakataa kuibatilisha, na Schmitt alipooa tena mwaka 1926 alitengwa na sakramenti kwa miaka mingi. Mtu atakayetufundisha kwamba siasa ni kumtambua rafiki na adui alikuwa ametapeliwa sebuleni kwake mwenyewe.

Vitabu vilianza kumiminika baada ya vita. Mwaka 1919 aliwashambulia wale aliowaita waromantiki wa siasa, watu wanaoligeuza kila tukio kuwa nafasi ya kuonyesha hisia zao na wasioamua lolote. Mwaka 1921 kikaja kitabu juu ya udikteta, akitofautisha dikteta anayepewa kazi ya muda ili airudishe katiba mahali pake na yule anayeivunja ili alete mpya. Mwaka 1922 ukaja mfululizo mfupi wa insha kuhusu theolojia ya siasa, na ndani yake jambo ambalo halijafutika tangu hapo: mwenye enzi humtambui kwa taji wala kwa muhuri, unamtambua siku mambo ya kawaida yanapokoma, kwa kutazama ni nani aliyekuwa na uwezo wa kutangaza kwamba yamekoma. Waliberali, kwa maoni yake, waliandika katiba kana kwamba siku hiyo haitafika, wakaificha hatari ndani ya ibara mojawapo, wakafunika.

Kwa Kiswahili jambo hili linaeleweka haraka, kwa sababu lugha yetu haikuficha. Tunasema hali ya hatari. Wazee wa Kenya ya Kati husema Imajensi, na wakilitaja neno hilo hawamaanishi ibara. Wanamaanisha vijiji vyenye uzio, pasi za kusafiria na vijana waliochukuliwa usiku. Gavana Evelyn Baring aliitangaza Oktoba 1952 na ikadumu hadi Januari 1960. Muda wote huo Bunge la London liliendelea kukaa, maswali yakaulizwa, majibu yakatolewa kwa adabu, na maelfu ya watu wakakaa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Schmitt hahitajiki ili mtu wa Nyeri aelewe kwamba dola ya kiliberali ina mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba mtu wa Nyeri aliuona kutoka upande wa nje.

Na hapa kuna ukurasa mmoja wa Schmitt unaotuhusu bila kupitia kwa mtu mwingine. Mwaka 1923 alichapisha kitabu chembamba kuhusu hali ya mabunge. Toleo la pili, la mwaka 1926, lilikuwa na dibaji mpya. Katika dibaji hiyo anaitazama Milki ya Uingereza na kuhesabu: kati ya wakazi wake zaidi ya milioni 400, zaidi ya milioni 300 si raia wa Uingereza. Waingereza wanapozungumza juu ya demokrasia yao, juu ya kura kwa wote na usawa wa wote, hao milioni 300 hurukwa tu, kama vile hawapo. Mwaka huohuo wa 1926 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza Dar es Salaam. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake.

Unasoma ukurasa ule unajipiga paja kwa furaha: hatimaye, Mzungu amesema! Endelea kusoma. Schmitt hasemi hao milioni 300 wanadhulumiwa. Anasema ndivyo demokrasia ilivyo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Demokrasia, kwake, ni usawa wa wanaofanana, nayo hudumu kwa kumtoa asiyefanana. Katika kurasa hizohizo anataja jinsi Uturuki ilivyowaondoa Wagiriki na jinsi Australia ilivyowafungia mlango wahamiaji isiowataka, na hazitaji kwa kulaani. Uliberali, anasema, ni kitu kingine kabisa: ni imani juu ya binadamu kwa jumla, haki zake, mjadala wake. Karne ya 19 iliwafungisha ndoa hawa wawili, na karne ya 20 itashuhudia talaka. Ameuona unafiki wa bwana, na dawa anayoandika ni kuuondoa unafiki na kumwacha bwana.

Hoja yake juu ya Bunge lenyewe ilikuwa na makali, na nakiri sijaona jibu la kuridhisha sana. Bunge, alisema, lilijengwa juu ya imani mbili: kwamba watu wakibishana hadharani ukweli hujitokeza, na kwamba mambo ya umma yafanywe mbele ya umma. Sasa tazama Bunge la Berlin. Sheria zinapikwa katika kamati, wakubwa wa vyama wanapatana nyuma ya mlango uliofungwa, mbunge anakuja ukumbini kupiga kura aliyokwisha kuambiwa, na hotuba zinatolewa kwa ajili ya gazeti la kesho. Mjadala umebaki mapambo. Alimpenda Mhispania wa karne ya 19, Donoso Cortés, aliyewadhihaki mabepari kuwa tabaka la kujadiliana tu. Angeishi Unguja angewaita watu wa barazani: kahawa inazunguka, kila habari inapata mchambuzi wake, na jioni kila mtu anarudi kwake.

Ila barazani kuna jambo ambalo Schmitt hakulithamini. Waliokaa pale hawauani.

Mwaka 1927 aliandika makala ambayo mwaka 1932 yalitoka kama kitabu, nayo ndiyo yaliyomfanya ajulikane duniani kote. Kila uwanja una kipimo chake: maadili yana wema na ubaya, uzuri una kupendeza na kuchukiza, biashara ina faida na hasara. Siasa nayo ina rafiki na adui, na adui hapa si jirani unayemchukia kwa mambo ya mpaka wa shamba. Ni adui wa umma, ambaye kwa nafsi yako huenda humchukii hata kidogo, lakini huenda mkauana. Uliberali haulitaki jambo hili, kwa hiyo unalipunguza: adui anakuwa mshindani upande wa soko, na mpinzani wa hoja upande wa mdahalo. Unapolazimika kupigana, unasema unapigana kwa niaba ya utu wote, na anayepigana na utu wote hana budi kuwa si mtu. Hapo vita vinakosa mpaka. Maneno haya yaliandikwa na Mjerumani aliyeshindwa vitani, mwenye uchungu wa mkataba wa Versailles, na uchungu huo unasikika. Bado, kila dola inapolipua mji kwa jina la ubinadamu, mtu fulani mahali fulani hulirudia wazo hilo, pengine bila kujua limetoka wapi.

Mmojawapo wa waliomsoma kwa makini zaidi alikuwa kijana wa Kiyahudi, Leo Strauss, ambaye mwaka 1932 aliandika mapitio ya kitabu hicho. Strauss alisema kwa heshima jambo la kuumiza: Schmitt anaushambulia uliberali akiwa bado amesimama juu ya uwanja wake. Anayesifu uamuzi bila kusema uamuzi gani, anayemheshimu kila anayepigana kwa dhati bila kujali anapigania nini, ameugeuza tu juu chini ule uvumilivu wa kiliberali usiotaka kuchagua. Schmitt hakukasirika. Mwaka huohuo alimwandikia Strauss barua ya kumpendekeza kwa ufadhili wa Rockefeller, na kijana akaondoka Ujerumani kwenda Paris kabla mambo hayajaharibika. Barua ile huenda ndiyo kazi njema kuliko zote alizofanya mwaka ule.

Maana tangu 1928 Schmitt alikuwa Berlin, katika chuo cha biashara, kwenye kiti kilichowahi kukaliwa na Hugo Preuss, mliberali aliyeiandika rasimu ya katiba ileile ya 1919. Jamhuri ilikuwa inakauka. Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, Msoshalisti na mpenda katiba, alikuwa ameitumia Ibara ya 48 mara 136, kwa hiyo tusiseme waliberali hawakuujua mlango wa nyuma; waliuzoea. Uchaguzi wa Septemba 1930 uliwapandisha Wanazi kutoka viti 12 hadi 107. Kuanzia hapo serikali ziliendeshwa kwa amri za rais, na katika mwaka mzima wa 1932 Bunge lilipitisha sheria 5 tu. Uchaguzi wa Julai 1932 ulileta hesabu ya kutisha: katika viti 608, Wanazi walikuwa na 230 na Wakomunisti 89. Ukijumlisha unapata 319. Wingi wa Bunge ulikuwa wa watu wasiolitaka Bunge, na wanaochukiana wao kwa wao kiasi kwamba walichoweza kufanya pamoja ni kubomoa tu.

Kiangazi hicho Schmitt alichapisha kijitabu ambacho wanaomtetea hukishikilia hadi leo. Alisema katiba ikihesabu kura tu, bila kuuliza kura zinataka nini, basi chama kinachotaka kuifuta katiba kitaingia kwa mlango wa sheria na kikishaingia kitaufunga nyuma yake. Alikuwa na haki kabisa. Mezani kulikuwa na majibu mawili. La Hans Kelsen, Mvienna mzaliwa wa Prague na mwasisi wa mahakama ya katiba ya Austria, lilikuwa kwamba mlinzi wa katiba awe mahakama. Walikuwa wameshabishana juu ya hilo mwaka 1931. La Schmitt lilikuwa rais, mzee Hindenburg, na nyuma ya rais jeshi. Katika Januari 1933 watu wa Kansela Kurt von Schleicher walijadili kulivunja Bunge na kuuahirisha uchaguzi kupita siku 60 zilizowekwa na katiba. Monsinyori Ludwig Kaas, padri aliyeongoza chama cha Zentrum, alimwandikia Schleicher kuonya dhidi ya mbinu hizo za kuilegeza sheria, akalitaja jina la Schmitt. Schmitt aliumia sana, akajibu kwa barua. Siku chache baada ya barua ya Kaas, Schleicher hakuwa Kansela tena.

Kinachofuata nakisimulia haraka, kwa sababu hakina fumbo kubwa. Tarehe 23 Machi 1933 Bunge lilimpa Hitler uwezo wa kutunga sheria bila Bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94 za SPD. Mlango uliingiwa kwa njia ya sheria na ukafungwa nyuma, kama kijitabu kilivyotabiri. Ndani ya siku chache mtabiri mwenyewe aliandika makala ya kuisifu sheria hiyo. Tarehe 1 Mei alijiandikisha chamani, mwanachama namba 2,098,860. Wiki hizohizo Kelsen, mkuu wa kitivo cha sheria Köln, alifukuzwa kwa kuwa Myahudi. Ndiye aliyeunga mkono Schmitt aitwe Köln kufundisha. Wenzake wa kitivo waliandika barua ya kumwombea, na Schmitt peke yake ndiye aliyekataa kutia sahihi.

Tarehe 30 Juni 1934 Hitler aliwaua wapinzani wake ndani na nje ya chama, bila kesi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Schleicher, aliyepigwa risasi nyumbani kwake pamoja na mkewe. Tarehe 1 Agosti Schmitt, sasa mhariri wa jarida la wanasheria wa Ujerumani, alichapisha makala yenye hoja kwamba Kiongozi, anapotenda saa ya hatari, ndiye jaji, na kitendo chake hakiko chini ya haki kwa kuwa ndicho haki yenyewe. Ukiipima kwa mantiki, makala ile haikuruka mbali na alichosema Leipzig. Mwamuzi alibadilika. Muundo wa hoja ulikuwa uleule, na mteja wa zamani alikuwa maiti.

Oktoba 1936 aliitisha mkutano wa wanasheria Berlin juu ya Wayahudi katika taaluma ya sheria. Alitaka vitabu vyao vitengwe maktabani na mwandishi Myahudi akinukuliwa itajwe wazi kwamba ni Myahudi. Kitabu kikuu cha Schmitt kuhusu nadharia ya katiba, cha mwaka 1928, kina ukurasa wa kutabaruku. Kimewekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Fritz Eisler wa Hamburg, rafiki yake wa ujana, aliyekufa vitani Septemba 1914 akiipigania Ujerumani. Eisler alikuwa Myahudi.

Mkutano ule haukumsaidia. Waldemar Gurian, mwanafunzi wake wa zamani aliyekimbilia Uswisi, ndiye aliyempachika jina la mwanasheria mkuu wa utawala wa Hitler, naye aliendelea kuchapisha maneno ya zamani ya Schmitt ili aumbuke. Walioyaokota ni SS. Desemba 1936 gazeti lao lilimshambulia kuwa bendera inayofuata upepo, Mkatoliki aliyewahi kuwa na marafiki Wayahudi na aliyekula na kila serikali. Alipoteza vyeo vya chama, akabaki na uprofesa kwa kinga ya Göring. Inachekesha kwa namna ya kusikitisha kwamba hukumu iliyo sahihi zaidi juu ya tabia yake ilitolewa na wauaji.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walimfunga zaidi ya mwaka, wakamwachia, wakamkamata tena Machi 1947 na kumpeleka Nuremberg. Robert Kempner, mwendesha mashtaka aliyekuwa zamani ofisa wa wizara ya Prussia, wizara ileile iliyotekwa Julai 1932, alimhoji mara kadhaa. Schmitt alijieleza kuwa alikuwa mtafiti mwenye kupenda hatari za kiakili. Mei akaachiwa bila mashtaka. Nadharia haina kifungu cha jinai. Alirudi Plettenberg. Hakuomba msamaha, hakukubali kupita katika utaratibu wa kusafishwa kwa waliokuwa Wanazi, na hakufundisha tena chuo kikuu. Daftari zake za miaka hiyo, zilizochapishwa 1991 akiwa ameshakufa, zinaonyesha kwamba chuki dhidi ya Wayahudi haikuwa nguo ya kuvaa kazini tu.

Kitabu chake kikubwa cha baada ya vita, cha mwaka 1950, kinahusu mpangilio wa ardhi ya dunia, na humo Afrika inaingia tena. Sheria ya mataifa ya Ulaya, anasema, iliweza kuvifanya vita vya Wazungu kuwa vya kiungwana kidogo kwa sababu nje ya Ulaya palikuwa na ardhi huru ya kuchukuliwa, mahali pa kumalizia ukali. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 kuhusu Kongo anauona kama mara ya mwisho Ulaya kukaa pamoja kama jamii moja na kugawana ardhi isiyo yake. Hati ya mkutano huo ilifungua njia ya kuliweka bonde la Kongo, lililotanuliwa kwa makusudi ya mkataba hadi pwani ya Bahari ya Hindi, nje ya vita vya Wazungu. Gavana Heinrich Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani aliutegemea mlango huo mwaka 1914. Novemba mwaka huo Waingereza walishusha askari Tanga, na miaka minne iliyofuata wapagazi wetu walibeba vita vya wenyewe mabegani kutoka Usambara hadi Msumbiji. Schmitt aliomboleza kuvunjika kwa mpangilio ule. Sisi tuliokuwa upande wa pili wa mstari tunaweza kukisoma kitabu chake kama ungamo la shahidi asiyejua kwamba anaungama.

Mwaka 1963 akaandika juu ya mpiganaji wa msituni, ambaye havai sare, anakwenda mbio, anaamini anachopigania na ameshikamana na udongo wake. Kitabu hicho kilitokana na mihadhara aliyotoa Uhispania ya Franco mwaka uliotangulia. Anamjadili Mao na anamjadili Jenerali Salan, aliyeasi Ufaransa kwa sababu ya Algeria.

Wageni hawakukatika Plettenberg. Alexandre Kojève alifika, na mwaka 1978 alifika Jacob Taubes, rabi na mwanafalsafa. Wapo pia wa mrengo wa kushoto waliomwazima, Chantal Mouffe akiwa mashuhuri kati yao, na baada ya mwaka 2001 Giorgio Agamben aliirudisha hali ya hatari kwenye meza za wasomi wote. Lakini mgeni ninayemfikiria zaidi ni Ernst-Wolfgang Böckenförde, Mkatoliki na mwanachama wa SPD, aliyekuja akiwa kijana akajifunza kwa mzee maswali yake. Mwaka 1964 alisema katika mhadhara kwamba dola huru isiyo ya kidini huishi kwa mambo ambayo haiwezi kuyahakikisha yenyewe: maadili na mshikamano ambao hauwezi kuagizwa kwa amri bila kuua uhuru. Swali ni la Schmitt tupu. Jibu lilitokea kwingine, kwani kuanzia 1983 hadi 1996 Böckenförde alikuwa jaji wa Mahakama ya Katiba ya Shirikisho huko Karlsruhe, mahakama ya aina aliyoidai Kelsen. Katiba ya 1949 nayo ina kifungu kinachokataza wingi wowote kuufuta msingi wa katiba, na kingine kinachozuia Bunge kumwangusha Kansela kabla ya kumchagua mwingine. Mawazo yote mawili yana undugu na kitabu cha 1928. Waliberali walichukua tahadhari kwa mwanasheria wa hali ya hatari, wakaukabidhi ufunguo kwa majaji.

Nyumba yake ya mwisho, katika kitongoji cha Pasel, aliiita San Casciano, kwa kumbukumbu ya mahali Machiavelli alipokaa baada ya kuanguka. Humo alipokea barua, akachapisha alichotaka, akatukanwa na kusifiwa, na hakuna polisi aliyebisha hodi. Kelsen alikuwa ameshafia Marekani mwaka 1973. Schmitt alifariki tarehe 7 Aprili 1985, akiwa na miaka 96, kitandani, chini ya ulinzi wa jamhuri ya kiliberali.

Kaburi lake liko katika makaburi ya Wakatoliki ya Eiringhausen. Juu ya jiwe kuna maneno ya Kigiriki yanayosema kwamba aliijua nomos. Kwa kawaida neno hilo hutafsiriwa sheria. Schmitt mwenyewe, katika insha ya mwaka 1953, aliling'ang'ania kwenye mzizi wake na kulipa maana tatu kwa utaratibu huu: kuchukua, kisha kugawa, kisha kulisha.